Mzee Mwenye Sonona Ana Haki ya Kutibiwa

Kuna uzembe unaofanyika kila siku ya kazi katika vyumba vya matibabu vya nchi hii, na hatujasikia kwamba umewahi kumfikisha mtu mbele ya kamati ya nidhamu. Mzee anaingia, anaeleza kwamba hapati usingizi, chakula hakipiti, mwili wote unauma na hana hamu ya jambo lolote. Anayemsikiliza anaandika dawa ya maumivu, anamrudishia daftari lake na kumwambia, "Ni uzee tu, bibi. Pole sana." Foleni inasogea. Bibi ameondoka na ugonjwa wake kama alivyokuja nao, na juu yake amebebeshwa kauli ya mtaalamu kwamba hauna dawa.

Tunauita uzembe kwa makusudi. Wazee walio wengi, pamoja na misiba yao, magoti yao na uhaba wa fedha, hawana sonona. Wanacheka, wanagombana na majirani, wanasubiri mvua, wanapanga harusi za wajukuu. Uzee ungekuwa ndio chanzo, wote wangeugua. Anayeugua ameugua, na sonona ya mtu wa miaka 75 inatibika kama inavyotibika ya kijana wa miaka 25. Mtumishi wa afya anayemrudisha mzee nyumbani bila kumwuliza lolote kuhusu hali ya moyo wake amefanya kosa lile lile la kumrudisha mgonjwa wa presha bila kumpima.

Tumtazame bibi huyo kwa karibu. Tumpe miaka 72. Mumewe amefariki, na wajukuu wawili walioachwa na binti yake wako mikononi mwake. Zamani, palipokuwa na msiba, yeye ndiye aliyefika wa kwanza na kushika mwiko. Siku hizi anatuma rambirambi kwa mkono wa mjukuu. Anashtuka saa tisa za usiku na kukaa macho mpaka kunapambazuka. Ugali anaumega tonge mbili, anasukuma sahani. Kuku aliokuwa akiwahesabu kila jioni, sasa hajui wako wangapi. Mwulize kama ana huzuni, atasema hapana, kwa kuwa amelelewa akijua kwamba mtu mzima halii mbele ya watoto. Atakutajia kiuno, kichwa kinachogonga, tumbo linalowaka moto, moyo unaokwenda mbio. Kisha, akiwa amekwisha simama kuondoka, atasema kwa sauti ya chini kwamba ana mawazo. Hapo ugonjwa umejitaja wenyewe, na mara nyingi anayepaswa kusikia amekwisha mwita mgonjwa mwingine.

Fungua daftari lake. Mwezi wa tatu: kipimo cha malaria, hakuna vimelea, dawa ya maumivu. Mwezi wa nne: mkojo umepimwa, ameandikiwa dawa za UTI. Mwezi wa tano: homa ya matumbo, sindano za siku tano. Mwezi wa saba: vitamini, na dawa ya vidonda vya tumbo. Kurasa nne, miandiko minne, na hakuna aliyeandika uzito wake, ingawa mizani iko pale mlangoni na gauni lake linamwambia kila mwenye macho kwamba amekonda. Hilo daftari ni ushahidi, na katika halmashauri yenye usimamizi lingemfanya Mganga Mkuu wa Wilaya aulize maswali.

Sonona kwa wazee ina dalili zake, na kwa anayejua anachokitafuta hazijifichi. Mzee anaacha mambo aliyoyapenda, na hilo ndilo la kuulizwa kwanza. Anakuwa mkali kwa vitu vidogo, au anakuwa kimya mpaka wenye nyumba wanasahau kama yupo. Anajilaumu kwa mambo ya miaka mingi iliyopita. Anasema amekuwa mzigo. Usingizi unakatika alfajiri, uzito unashuka, hata kwenda kisimani au kuoga kunakuwa kazi kubwa. Dalili hizi zikimkaa karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, zikamzuia kuendesha maisha yake, zinahitaji tabibu. Majonzi ya msiba yana tabia nyingine: aliyelia asubuhi, jioni anasimulia visa vya marehemu na kucheka pamoja na waombolezaji. Mwenye sonona hana jioni ya namna hiyo.

Mizizi yake huwa mingi kwa pamoja. Karibu theluthi moja ya watu wanaopata kiharusi hupata sonona baadaye. Kisukari, ugonjwa wa moyo, maumivu ya muda mrefu, tezi ya shingoni inayozembea, upungufu wa vitamini B12, hata dawa kama predinisoloni, zote zinaweza kumzamisha mzee. Masikio yasiyosikia na mtoto wa jicho asiyetolewa humtenga na watu akiwa amekaa katikati yao. Kwa hiyo hatukubali hoja kwamba haya ni mambo ya Hospitali ya Afya ya Akili ya Mirembe peke yake. Sehemu kubwa ya kazi hii iko ndani ya uwezo wa tabibu wa kawaida, kwa kipimo cha sukari, cha presha na cha wekundu wa damu, na kwa kumwuliza mgonjwa anatumia dawa gani nyumbani.

Kuna hali mbili nyingine ambazo hufanana na sonona, na kuzichanganya kunagharimu maisha. Ya kwanza ni dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao hujijenga polepole kwa miaka. Mwenye dimenshia mara nyingi hajui kwamba anasahau, na hujaribu kuziba pengo kwa kubuni jibu. Mwenye sonona hulalamika mwenyewe kwamba kichwa hakishiki kitu, na ukimwuliza swali husema "sijui" kabla ya kujaribu. Ya pili ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, kwa muda wa saa au siku chache: anaona watu wasiokuwepo, asubuhi anakujua na jioni hakujui. Hiyo ni dharura. Nyuma yake huenda kuna nimonia, malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au dawa mpya aliyoanzishwa juma lililopita. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kama kuna maombi, yafanyike njiani. Na yote matatu yanaweza kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Ulaya, kwamba kwetu hayapimiki. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwapima watu wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta 6.4% wana dimenshia. Matokeo hayo yamechapishwa kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Katika wilaya hiyo hiyo ilijaribiwa tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili, chini ya wataalamu wa hapa hapa. Wilaya moja ya Tanzania imeonyesha kwamba wazee wanaweza kufikiwa, kupimwa na kutibiwa kwa Kiswahili, wakiwa kwenye mazingira yao. Wilaya nyingine hazina udhuru.

Idadi yenyewe inatulazimisha. Sensa ya 2012 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2.5. Ile ya 2022, iliyotupata tukiwa watu milioni 61.7, iliwakuta wamekaribia milioni 3.5. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba takriban 14% ya watu wenye miaka 70 na kuendelea duniani wanaishi na tatizo la afya ya akili, na sonona iko mbele kabisa. Wazee wetu hawa ndio waliojenga shule tulizosoma na kupanda kahawa iliyolipa ada. Mwaka hadi mwaka wanaongezeka, na huduma ya akili zao imebaki pale pale.

Serikali haijakaa bila kufanya kitu, na haki inataka tuseme hivyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilikubali kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee na bango la kuwataka watu wampishe mzee. Sheria ya Afya ya Akili ipo tangu 2008. Zanzibar ilikwenda mbele zaidi: tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 analipwa pensheni jamii, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kupandishwa kuwa 50,000, na mwaka 2020 ikatunga sheria yake ya mambo ya wazee. Kenya inawalipa wenye miaka 70 shilingi zake 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Tanzania Bara haina malipo ya namna hiyo kwa wazee wote, na mtu anayelala bila kujua atakula nini kesho ana sababu ya haki ya kukosa usingizi. Lakini pensheni ni mjadala mrefu wa bajeti. Tunalolidai leo ni dogo kuliko hilo na haliwezi kusubiri: mzee akishapishwa kwenye foleni na kufika mbele ya tabibu, atibiwe.

Kazi hiyo inaanza na salamu. Tabibu aweke kalamu chini, afunge mlango, amwombe kwa adabu kijana aliyemleta mzee asubiri nje kwa dakika chache. Hilo la mwisho ni la lazima, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mzee mmoja kati ya sita hutendewa ukatili ndani ya mwaka, na mara nyingi mkono unaomwumiza ni wa mtu wa nyumbani. Mzee anayenyimwa chakula hatasema mbele ya anayemnyima. Baada ya "Shikamoo, bibi" na "Marahaba, mwanangu", maswali ni ya kawaida kabisa. Bibi, tangu babu aondoke, unalalaje? Kuku wako unawafurahia bado? Jumuiya unakwenda? Kuna siku unaona heri usingeamka? Swali hili la mwisho ndilo wengi wanaliogopa, wakidhani litampandikizia mzee wazo la kujiua. Halimpandikizii. Kinyume chake, wengi hushusha pumzi kwa kupata mtu wa kwanza wa kumweleza. Yapo pia madodoso yanayotumika duniani kote: lile la maswali tisa, ambalo limekwisha tumiwa kwa Kiswahili, na lile lililotungwa mahsusi kwa wazee, ambalo toleo lake fupi lina maswali 15 ya ndiyo na hapana. Nakala yake ni karatasi moja. Zahanati iliyoshindwa kubandika karatasi moja ukutani isituambie habari za ufinyu wa bajeti.

Tiba ipo, na ina masharti yake kwa wazee. Mwenye sonona nyepesi anaanza kwa mazungumzo ya mpangilio, mwendo wa kila siku, kurudishwa kwenye shughuli na watu, na kutibiwa maumivu na magonjwa aliyonayo. Mwenye sonona kali anahitaji dawa pamoja na hayo. Hapa panatakiwa umakini ambao hatuuoni. Amitriptilini ni rahisi kupatikana, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoandikwa ovyo, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka iepukwe kwa wazee kila inapowezekana: inawachanganya akili, inawazuia mkojo, hasa wanaume wenye tezi dume iliyotanuka, inavuruga mapigo ya moyo, na wakisimama ghafla wanaanguka. Fluoksetini ni salama zaidi, ianzishwe kwa kiwango kidogo na kupandishwa polepole. Lakini nayo ikichanganywa na diklofenaki ambayo mzee anaimeza kila siku kwa ajili ya magoti, hatari ya kuvuja damu tumboni inaongezeka. Na ikishusha chumvi ya damu, mzee anaweza kuchanganyikiwa. Diazepamu ya kila usiku, inayogawiwa ili mzee alale na nyumba ipate utulivu, haitibu sonona. Inamvunja nyonga.

Mgonjwa aambiwe ukweli kuhusu muda. Nafuu inaanza kuonekana baada ya majuma kadhaa, mara nyingi manne hadi sita, na kwa mzee inaweza kuchelewa zaidi. Asiyeambiwa hilo ataacha vidonge siku ya kumi na kusema havifai. Akishapona, aendelee navyo kwa miezi tisa hadi kumi na miwili, kisha apunguziwe taratibu chini ya uangalizi. Mgonjwa wa presha tunampangia tarehe ya kurudi na tunamwandikia kwenye kadi. Wa sonona naye apangiwe, tena mapema, na asipotokea atafutwe na mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii kama anavyotafutwa mgonjwa wa kifua kikuu aliyekatiza dawa.

Yote haya yanaanguka pale dawa inapokosekana. Wizara na Bohari ya Dawa wanajua kwamba huwezi kumwambia bibi wa miaka 72 apande gari mpaka hospitali ya mkoa kila mwezi kufuata vidonge vya bei nafuu. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, nauli ya mjukuu wa kumshika mkono, na siku nzima ya shamba imepotea. Mwezi wa tatu hatakwenda. Halmashauri inapoagiza dawa za robo mwaka na kuacha mstari wa dawa za akili ukiwa na sifuri, imekwisha amua nani apone na nani aachwe, na uamuzi huo una sahihi ya mtu.

Nauli imekwisha kuua, na kifo hicho kilifundisha bara zima. Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili mjini Harare, alimpoteza mgonjwa wake kijana kwa kujiua. Familia ilikuwa imekosa pesa ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006 akaanza kazi na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare. Hakuwa na vyumba wala wauguzi wa kutosha. Akina bibi hao walifundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kumsikiliza, kumsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi na kulitafutia hatua ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban 14% kwa waliopita kwenye benchi, na 50% kwa waliopata huduma ya kawaida. Wagonjwa wengi wa utafiti ule hawakuwa wazee. Wazee walikuwa watabibu, na hilo linatugusa moja kwa moja, kwa kuwa sisi tumewageuza wazee kuwa watu wa kupewa pole. Uganda nako, mwaka 2002, vikundi vya vijiji vya Masaka na Rakai vilivyokutana mara moja kwa juma, kwa majuma 16, vilishusha sonona kwa kiasi kikubwa, vikiongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Hatuna mabenchi? Hatuna akina bibi wenye busara? Kata nyingi zina mabaraza ya wazee, na vijiji vingi vina wahudumu wa afya. Kilichokosekana ni barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya ya kuwakutanisha.

Familia nazo tunazisemesha, na tunaanza na zile zinazodhani zimetimiza wajibu. Mama amefariki kijijini Kagera. Mwana, kwa mapenzi ya kweli, anamchukua baba kumleta Kimara, Dar es Salaam. Nyumba ina uzio na geti. Saa kumi na moja alfajiri kila mtu ametoka kuwahi foleni ya magari, na wanarudi saa mbili usiku wamechoka. Mzee amebaki na msichana wa kazi na televisheni. Kule alikuwa na migomba ya kupogoa, kahawa ya kuanika, kikao cha wazee kilichomsubiri afike ndipo kianze. Hapa hajui jina la jirani wa pili. Analetewa kuku na soda, na hakuna anayemwomba ushauri wa jambo lolote. Baada ya miezi anaanza kuuliza leo ni siku gani, analala mchana kutwa, anakataa kuoga. Watoto wanaambiana kwa simu, "Mzee amebadilika, nafikiri ni umri."

Mwana huyo ana kazi ya kufanya, na ampigie simu ndugu yake aliyeko mbali ili waigawane. Ampeleke baba akapimwe, masikio na macho yakiwemo. Amtambulishe msikitini au kanisani na kwa wazee wa mtaa, jina kwa jina. Ampe simu yenye namba za marafiki wa kijijini na awe anaweka vocha. Amwachie fedha zake mwenyewe mfukoni, hata kama ni kidogo. Shamba lisiuzwe wala kugawanywa bila neno lake, kwa kuwa hakuna kinachomzeesha mtu haraka kama kujua kwamba amekwisha rithiwa akiwa hai. Na akisema, "Nimewachosha, wanangu," asijibiwe kwa mzaha. Hiyo ni kauli ya kufuatiliwa siku hiyo hiyo. Wazee wanaofikiria kujiua hutangaza nia yao mara chache kuliko vijana, na wakijaribu hawakosei kwa urahisi. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba wengi wao walikuwa wameonana na mhudumu wa afya katika mwezi wao wa mwisho. Nyumba yenye mzee wa aina hiyo ifungie sumu za shambani na isimwache peke yake mpaka aonwe na daktari.

Mashehe, mapadri na wachungaji wanaonana na wazee mara nyingi kuliko madaktari. Tunawaomba wafanye mambo mawili: wasimwambie mgonjwa kwamba imani yake ndiyo iliyopungua, na wasimwamuru mtu yeyote kutupa vidonge.

Liko jambo baya zaidi, ambalo hatulipunguzi makali. Katika baadhi ya vijiji vya Usukumani na kwingineko, bibi anayekaa kimya, asiyejibu salamu, anayesema peke yake au kutembea usiku, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, anaitwa mchawi. Dalili za sonona na dimenshia zinasomwa kama ushahidi wa mashtaka. Mpiga ramli chonganishi analipwa, jina linatajwa, na mapanga yanakuja usiku. Kenya imeyaona hayo hayo: Oktoba 2021, huko Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi, na Kilifi wazee wanauawa huku mashamba yao yakiwa ndiyo yanayotafutwa. Mtendaji wa kijiji anayesikia minong'ono hiyo na kunyamaza ni mshiriki. Wajibu wake ni kutoa taarifa polisi mchana ule ule, na kumwita mhudumu wa afya aende kwa bibi huyo kabla hawajafika wengine.

Bunge nalo lina deni. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa ni mkosaji. Matokeo yake tunayaona wodini. Mzee aliyekunywa sumu analetwa na wanawe, nao wanasema alidhani ni dawa ya kikohozi. Tabibu anaandika ajali. Mgonjwa anaoshwa tumbo, analazwa siku mbili, anaruhusiwa, na anarudi kwenye chumba kile kile na chupa ile ile, bila kuulizwa, kwa kuwa kila mmoja aliogopa polisi. Mahakama Kuu ya Kenya, Januari 2025, ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo katika sheria ya nchi hiyo ni kinyume cha katiba. Ghana ilikifuta cha kwake mwaka 2023. Tunalitaka Bunge likifute cha kwetu katika mkutano wake ujao, na tunamtaka Waziri wa Sheria aupeleke muswada bila kusubiri kusukumwa. Kabla ya hapo Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka kamili ya kuamua nani ashtakiwe na nani asishtakiwe. Atoe maelekezo ya maandishi kwa waendesha mashtaka na wakuu wa polisi wa wilaya zote kwamba mtu aliyejaribu kujiua apelekwe kwa daktari, jalada lisifunguliwe, na ndugu zake waambiwe hivyo waziwazi, tangu mlangoni mwa hospitali.